Kuwepo Si Kufika

Mchana nilisimama nyuma ya meza ya famasi. Jioni, nikiitwa, nilikwenda kuosha maiti. Ndivyo nilivyoishi hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, tangu ujana hadi mvi zilipokijaza kichwa, na kazi hizo mbili zimenifundisha jambo moja ninalotaka kuliacha kwa maandishi nikiwa bado na macho ya kuandikia: dawa kuwepo duniani ni jambo moja, na dawa kufika mkononi mwa mgonjwa ni jambo jingine. Katikati ya mambo hayo mawili ndiko kilikozikwa kizazi changu.

Kuosha maiti hakuna mshahara. Ni faradhi kifaya: wakiitimiza wachache, mtaa mzima umesalimika, wakiiacha wote, mtaa mzima una dhambi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa waoshaji tisa au kumi katika aveni zetu. Sida, yaani ukimwi, ilipozidi, wakaanza kupungua. Huyu mgongo unamuuma, yule amevuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, mwingine mkewe amemkataza. Hakuna aliyetamka sababu. Mimi nikaanza kuchukua glavu famasini, nikizilipia kwenye mshahara wangu. Kisanduku kina glavu 100, yaani jozi 50. Kila maiti tunaingia watu wanne, kwa hiyo kisanduku kimoja kinatosha maiti kumi na mbili. Mwanzoni kilinichukua mwaka mzima. Kufikia 1995 kilikuwa kinakwisha kabla ya mwezi wa tatu. Sikuhitaji takwimu za wizara. Nilikuwa nahesabu kwa visanduku.

Na tuliowaosha hawakuwa wazee. Walikuwa mafundi wa gereji, wachuuzi wa soko la Ruvumera, madereva, vijana waliokuwa wameoa juzi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2002 ulipokuja kuhesabu, ulikuta mijini karibu mtu mmoja kati ya kumi ana virusi. Wakati huo sisi tulikuwa tumeshazika wengi ambao hawakuingia katika hesabu yoyote.

Matangani tulisema amekufa kwa kifua. Au malaria ilimpanda kichwani. Au amerogwa na mwenzake wa biashara. Kila mahali watu walikuwa na jina lao la kuuzungukia ugonjwa huu: Waganda waliuita slim, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu, kule Kagera, Tanzania, waliuita Juliana, jina la mashati ya fasheni ya wakati huo. Sisi wa Buyenzi, tunaoamka na Kiswahili, tukaenda sokoni na Kirundi, tukaingia ofisini na Kifaransa, tulikuwa na lugha tatu za kuusemea na hatukuitumia hata moja.

Julai 1996 ni mwezi nilioupitia kichwani mara nyingi kuliko mwezi mwingine wowote wa maisha yangu. Kuanzia tarehe 7 hadi 12, madaktari wa dunia nzima walikutana Vancouver, Kanada, na habari iliyotoka huko ilikuwa kubwa: ukimpa mgonjwa dawa tatu kwa pamoja, virusi vinashuka hadi kipimo hakivioni tena, na aliyekuwa anangoja kufa anasimama. Tarehe 25 ya mwezi huohuo Meja Pierre Buyoya akatwaa madaraka hapa Bujumbura, na tarehe 31 viongozi wa nchi jirani wakakutana Arusha wakatuwekea vikwazo. Vilidumu hadi Januari 1999. Kwa hiyo mwezi ambao dunia ilifunguliwa mlango ndio mwezi ambao sisi tulifungiwa wetu. Na hata mlango ungekuwa wazi, dawa zile tatu zilikuwa na bei ya zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Mshahara wangu wa mwaka mzima usingenunua dozi ya mwezi.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori. Mwaka huo wa 1996 alikuwa ameshaanza kukohoa, na mkewe alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Oktoba. Mimi nilijua. Mtu anayeuza dawa haifichiki kwake homa isiyokatika, utando mweupe mdomoni, mkanda wa jeshi ubavuni. Nilimpelekea vidonge vya kuua kuvu na dawa ya kikohozi, kila Ijumaa, nikamwambia atapona. Nilijua pia kwamba dawa yenyewe ipo. Tulilisikia lile jambo la Vancouver redioni, mimi na yeye, tumekaa kwenye mkeka. Hakusema kitu. Aliniangalia tu, kisha akaangalia chini.

Alifariki Mei 1997. Tulioingia kumwosha tulikuwa watatu. Maji yalikuwa na majani ya mkunazi, na mwisho kafuri, kama ilivyo desturi. Nilipofika usoni nilivua glavu. Glavu zina kazi yake pale penye damu na majimaji. Kuugusa uso wa mtu hakuambukizi sida, akiwa hai au maiti. Hilo nililijua kwa miaka mingi. Sikuwahi kulisema kwa sauti pale msikitini, mbele ya wale waliokuwa wakipungua mmoja mmoja kwa hofu. Neno moja kutoka kwa mtu wa famasi lingewarudisha watano. Na nilipotoka nje, shangazi akaniuliza kimemuua nini, nikasema: kifua.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hii tuliijua sote, tukaificha hata yenyewe.

Mwanamke mmoja wa mji huu alikuwa ametutangulia kwa ujasiri. Mwaka 1995 Jeanne Gapiya-Niyonzima alisimama kanisani, baada ya padri kuihusisha sida na dhambi, akasema mbele ya waumini kwamba yeye ana virusi. Hakuna Mrundi aliyekuwa amelisema hilo hadharani kabla yake. Miaka miwili nyuma alikuwa ameanzisha chama cha kuwasaidia wenye virusi, ANSS, na mwaka 1999 chama hicho kikafungua kituo cha matibabu kikakiita Turiho. Kwa Kirundi maana yake ni tupo, tuko hai. Nimelifikiria sana jina hilo. Walioambiwa wamekwisha walijibu kwamba wapo, kisha wakaanza kazi ngumu ya kufanya dawa nayo ifike walipo.

Ilifika polepole. Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla, huko Mumbai, alijitolea kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka 2002 ukaundwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na sida, kifua kikuu na malaria. Binti wa mdogo wangu, ambaye alizaliwa na virusi na kwa rehema za Mungu alidumu hadi siku hiyo, alimeza kidonge chake cha kwanza mwaka 2004. Mama yake alikuwa amefariki 1999. Kutoka Vancouver hadi aveni yetu ni miaka minane. Sijui njia nyingine ya kuipima safari ile.

Mtoto yule sasa ni mama wa watoto wawili, na wote wawili hawana virusi, kwa sababu alimeza dawa zake wakati wa mimba na kunyonyesha bila kuruka siku. Ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na Ruvumera. Kwa desturi yetu mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, na mimi ndiye Baba Mkubwa wake. Siku za karibuni nilikuwa nimekaa kibandani kwake nikisubiri kanzu, akaniuliza bila kuinua macho:

“Baba Mkubwa, nimesikia kuna dawa za kuviamsha virusi vilivyolala mwilini. Na wanasema ni dawa za zamani, za magonjwa mengine, zipo tayari madukani. Ni kweli?”

Nikamwambia ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ya kuangalia kwa makini.

Vidonge anavyomeza kila usiku vinazuia virusi visizaliane. Lakini virusi hivi vina tabia ya kuingiza maandishi yao ndani ya seli za kinga, katikati ya maandishi ya seli yenyewe. Baadhi ya seli hizo ni za kumbukumbu. Kazi yake ni kutulia miaka na miaka, zikingoja ugonjwa wa zamani urudi. Seli ikilala, virusi vilivyomo navyo vinalala. Dawa haina cha kuzuia, kwa sababu hakuna kinachozaliwa. Askari wa mwili hawana cha kukamata, kwa sababu seli haionyeshi dalili yoyote. Mwaka 1997 wanasayansi wa Marekani walithibitisha kwamba maficho haya yamo hata kwa wagonjwa ambao kipimo hakioni kitu. Seli zenyewe ni chache mno, yapata moja katika milioni. Lakini Robert Siliciano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipopiga hesabu ya jinsi zinavyopungua, walikuta mwaka 2003 kwamba ingehitajika zaidi ya miaka 70 ya kumeza dawa ili ziishe zenyewe. Ukiacha vidonge, wiki chache tu, zile chache zinaamka na moto unaanza upya.

Wakati nasema haya alikuwa anajaza uzi kwenye bobini. Nikamshika mkono nikamwambia, tazama hapo. Maandishi ya uhai wetu ni uzi mrefu mno, na ndani ya seli umezungushwa kwenye vijipande vya protini viitwavyo histoni, kama huu ulivyozungushwa kwenye bobini. Pale ulipokazwa sana, hausomeki. Virusi vilivyolala vimo katika uzi uliokazwa. Kuna vimeng’enya vya mwili vinavyoushikilia mkazo huo, na kuna dawa zinazovizuia visifanye kazi. Uzi ukilegea, maandishi ya virusi yanasomwa na virusi vinaamka. Seli iliyovificha inajulikana, na hapo yanatarajiwa mambo mawili: kinga ya mwili iiue, na vidonge vya kila siku vizuie virusi vilivyoamka visiingie seli nyingine. Wataalamu wanaiita njia hiyo kushtua na kuua.

“Na dawa zenyewe ni zipi?” akauliza.

Hapo nilinyamaza kidogo, kwa sababu moja ya dawa hizo niliiuza kwa mikono yangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni valproati, dawa ya kifafa, ambayo sisi tuliijua kwa jina la Dépakine. Ilikaa rafu ya pili kutoka juu. Mwaka 2005 mtafiti David Margolis na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kwamba waliwapa dawa hiyo wagonjwa wanne, pamoja na dawa zao za sida, na kwa watatu kati yao maficho ya virusi yalipungua sana. Niliposimuliwa habari hiyo na daktari mmoja kijana, nilirudi famasini nikasimama mbele ya rafu ile. Dawa ile ilikuwepo pale wiki aliyokufa mdogo wangu. Nilipanda ngazi mbele yake kuchukua dawa ya kikohozi.

Lakini anayependa watu hawaachii nusu ya habari. Watafiti wengine walirudia jaribio, na hawakuona upungufu ule; maficho yalibaki yalivyo. Isitoshe valproati inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mwanamke wa umri wako, nikamwambia, asije akainunua kwa sababu ya stori ya kibarazani.

Wanasayansi hawakuacha. Wana sababu ya kuamini dawa za zamani. AZT, dawa ya kwanza kabisa ya sida, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilikuwa imetengenezwa na Jerome Horwitz tangu 1964 ikikusudiwa saratani. Kwa saratani haikufaa, ikawekwa kando kwa yapata miaka ishirini. Kisha kuna faida nyingine ambayo mtu wa famasi anaielewa haraka: dawa iliyokwisha kutumiwa na maelfu ya watu, madhara yake yanajulikana, dozi yake inajulikana, kiwanda chake kipo. Safari yake inaanzia katikati ya njia.

Basi Margolis akaigeukia vorinostati, dawa ya saratani ya seli za kinga zinazoshambulia ngozi. Mwaka 2012 akaripoti kwamba wagonjwa wanane walipewa dozi moja tu, na ndani ya seli zao zilizolala alama za virusi zilipanda kwa wastani wa mara 4.8. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi ndani ya mwili wa binadamu kwamba kilicholala kinaweza kuamshwa kwa makusudi. Huko Australia Sharon Lewin na wenzake wakaijaribu disulfiramu, dawa inayopewa walevi ili pombe iwachukize. Mwaka 2015 waliripoti kuhusu watu 30 waliopewa dozi tofauti kwa siku tatu, na virusi vikaonekana kuchangamka bila madhara makubwa. Lakini ilipojaribiwa baadaye kwa dozi kubwa pamoja na vorinostati, ilidhuru mishipa ya fahamu na ubongo, na jaribio likasimamishwa baada ya watu wawili tu. Na Uingereza, watu 60 walifuatiliwa katika utafiti uitwao RIVER, nusu yao wakipewa vorinostati pamoja na chanjo ya kuzindua kinga, na majibu yake ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba maficho yao hayakupungua kuliko ya wenzao waliokuwa kwenye dawa za kawaida.

“Kwa hiyo imeshindikana,” akasema, na mguu wake ukasimama kwenye pedali.

La, mwanangu. Wamejifunza kwamba kuamsha si kumaliza. Virusi vinaamka, seli inabaki hai, kisha inalala tena. Nani ataiua? Kinga iliyochoka miaka mingi haina nguvu hiyo. Kwa hiyo sasa wanatafuta mkono wa pili. Huko Melbourne wameijaribu kwa panya venetoklaksi, dawa ya saratani ya damu inayoidhoofisha seli yenyewe ili ikubali kufa. Mwaka 2025 watafiti wa mji huohuo walionyesha, kwa seli zilizo maabarani, kwamba ujumbe wa kijenetiki uliofungwa ndani ya chembe ya mafuta, kwa ufundi uleule wa baadhi ya chanjo za Uviko, unaweza kuingia ndani ya seli zilizolala na kuviamsha virusi. Waliopona kabisa wapo, lakini wanahesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Timothy Ray Brown, aliyebadilishiwa uboho huko Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu. Tiba ile ni hatari na ghali, haiwezi kuwa njia ya watu wote. Lakini imethibitisha kwamba maficho yanaweza kusafishwa.

Hili la kuamsha na kumaliza limenirudisha kwenye maisha yetu. Sauti ya Jeanne Gapiya ilituamsha. Ingeishia hapo tungerudi kulala, maana aibu ni blanketi zito. Kilichotuvusha ni yale yaliyofuata sauti: kituo cha 1999, bei ya 2001, Mfuko wa 2002, wauguzi waliopita nyumba kwa nyumba, kina mama waliokubali kupimwa. Leo nchini Burundi karibu mtu mzima mmoja tu kati ya mia ana virusi. Vidonge vingi vya zamani vimekuwa kidonge kimoja, na bei yake kwa mwaka, kwa nchi zetu, imeshuka chini ya dola 45. Mwenye kukimeza ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani. Haya yote yalikamilishwa na watu waliobaki macho baada ya kuamshwa.

Sasa nazungumza na kizazi kinachotufuata, na nawaomba mnisikie kama mnavyomsikia baba mkubwa.

La kwanza: msiache vidonge kwa sababu ya matumaini. Kila penye habari ya tiba panaota mtu wa kuiuza kabla haijaiva. Nimeona walioombewa wakaacha, waliokunywa mitishamba wakaacha, na baada ya miezi nikaitwa na kisanduku changu. Tiba ikipatikana, itawahitaji walio hai, na itawafaa zaidi wale ambao maficho yao ni madogo kwa sababu walianza dawa mapema na hawakuruka.

La pili: ulizeni ni kwa damu ya nani hizo dawa zinapimwa. Virusi hivi vina koo mbalimbali. Sehemu kubwa ya utafiti wa tiba imefanyika Marekani, Ulaya na Australia, kwa watu wenye ukoo unaoitwa B. Kwetu Burundi ulioenea ni C, na Uganda ni A na D. Kule Rakai, kusini mwa Uganda, wilaya iliyozika watu kabla yetu sote, watafiti wamefanya kazi na wanakijiji kwa miongo kadhaa, na mwaka 2017 walichapisha jambo la kushangaza: maficho ya virusi kwa Waganda waliokuwa kwenye dawa yalikuwa yapata theluthi moja ya yale ya wagonjwa wa Baltimore, Marekani. Kwa nini? Ukoo wa virusi? Kinga iliyolelewa na magonjwa mengine? Jibu lake linaweza kuwa na faida kwa dunia nzima, na lisingeulizwa kabisa kama watu wa Rakai wasingekubali kutoa damu yao na kufuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Kizazi changu kilikuwa mwisho wa foleni kwa sababu hakikuwepo wakati foleni inapangwa. Ninyi muwepo. Muwepo kama watafiti, kama wauguzi, kama wagonjwa wanaojua wanachokubali na wanachokataa.

La tatu: msidhani kilichofika hakiwezi kuondoka. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kote Afrika Mashariki watu wanaoishi kwa vidonge wakaanza kuhesabu vilivyobaki koponi. Mwanangu naye alihesabu. Nilimwona akivimwaga kwenye kitambaa cheupe alichokuwa anakishona, akavipanga kumikumi, akavirudisha kimya kimya. Usiku ule nililala nikiona uso wa baba yake. Dawa ilikuwa bado ipo duniani, kama ilivyokuwepo 1997.

Kwa miaka mingi nilikisifu kizazi changu kwa subira. Tulisubiri vita vya wenyewe kwa wenyewe viishe, vikwazo viondolewe, bei zishuke, wakubwa wakumbuke. Subira ni ibada, siikani. Lakini ipo subira ya mtu anayelima akingoja mvua, na ipo subira ya mtu aliyekaa. Yetu, katika jambo hili, mara nyingi ilikuwa ya pili. Tuliiita subira kwa sababu tuliona haya kuiita hofu. Mimi mwenyewe nilikuwa na maarifa kidogo na neno la kusema, nikayaficha yote mawili chini ya meza ya famasi. Sitaki kuondoka bila kulikiri hilo, na nalikiri kwa wale ambao ningewasaidia kwa kusema tu kwamba uso wa maiti hauambukizi.

Siku hizi vijana ndio wanaoosha maiti, na mimi nakwenda tu kuwaonyesha pale wanaposahau utaratibu. Naendelea kuwapelekea glavu. Kisanduku kimerudi kukaa mwaka mzima. Na tunaowaosha, wengi wao ni wazee kama mimi, wenye wajukuu wanaolia nje ya mlango. Hivyo ndivyo mambo yanavyopaswa kuwa.

Siku ile kibandani, kanzu yangu ilipokwisha, mwanangu aliikunja, kisha akaniuliza swali lake la mwisho.

“Baba Mkubwa, tuseme wameipata hiyo tiba. Itachukua muda gani kufika aveni hii?”

Nikamwambia iliyopita ilichukua miaka minane.

Akanitazama. Alikuwa ananitazama kama baba yake alivyonitazama siku ile kwenye mkeka, macho yaleyale. Lakini yeye hakuangalia chini. Akavuta daftari la vipimo vya wateja, akageuza hadi ukurasa mtupu, akaliandika swali lile kama nilivyolisikia, neno kwa neno. Akasema Jumamosi wana mkutano wa kikundi chao, ataliuliza pale mbele ya muuguzi na mbele ya wenzake, na muuguzi asipokuwa na jibu watalipeleka mbele zaidi.